Mpe mtoto pole kwanza, maswali baadaye

Jirani akijikwaa mlangoni kwako unamwambia pole, mtu hata humjui anapita na ndoo ya maji kichwani unamwambia pole, ila mtoto wako mwenyewe akianguka neno la kwanza linalotoka ni "si nilikwambia usikimbie!" Mi nilikuwa hivohivo na naandika hii kwasababu kubadilisha hilo neno la kwanza tu kumenirudishia mtoto.

Binti yangu yuko darasa la nne. Siku moja nafua soksi zake nakuta karatasi imekunjwa ndogo kama hirizi, kufungua ni mtihani wa hesabu, 18 kwa 50. Nikamuita nikamuuliza kwanini, akasema sijui, nikauliza tena kwa sauti, sijui, alafu machozi. Wazazi wenzangu, "kwanini" kwa mtoto aliyeshaogopa sio swali, anasikia kesi, na mtu mwenye kesi anajitetea au ananyamaza.

Kesho yake jioni nikiwa namsuka nikajaribu tofauti. Nikamwambia pole mama, ile karatasi ilikutia aibu eh, mpaka ukaificha. Kimya. Nikaendelea na mstari wa pili wa nywele, wa tatu, ndo akaanza kusema, kumbe amehamishiwa dawati la nyuma, namba za ubaoni hazioni vizuri, anakopi kwa mwenzie, na mwenzie nae anakosea.

Sasa ukitaka kujaribu, anza na pole, alafu litaje lile unaloliona kwake: umeudhika, umeona aibu, umechoka, una wivu na mdogo wako. Mtoto mdogo hana hayo maneno bado, ndo maana anakwambia tumbo linauma kila jumatatu asubuhi (kama maumivu yanaendelea mpeleke hospitali, usikisie). Ukikosea jina la hisia atakurekebisha mwenyewe, "sijakasirika, nimeogopa", na hapo tayari mnaongea.

Baada ya hapo nyamaza. Hii ndo ngumu kuliko zote maana sisi tunakimbilia mawaidha, mi enzi zetu tulitembea kilomita ngapi sijui, na mtoto anajifunga palepale. Hesabu pumzi zako kumi kabla ya kuongeza neno.

Na usimlazimishe akuangalie machoni. Tumewafundisha wenyewe kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu, alafu tukiwa na hasira tunasema "niangalie nikiongea na wewe", sa afuate lipi? Mtoto anafunguka mikono ikiwa na kazi, mnachambua mchele, mnamenya viazi, wa kiume mtume dukani alafu mfuate mtembee wote. Simu iache ndani.

Kumuelewa sio kumuachia. Sheria inabaki palepale, "naona umekasirika kweli, ila mdogo wako hapigwi", unasema yote mawili kwa sauti ileile. Na ile "mtoto wa kiume halii" tuiache jamani, analia tu, ila anajifunza kulia mbali na wewe.

Ukiwa umemfokea kwa stresi zako za kazini, rudi umwambie samahani, nilikuwa na hasira zangu sio kosa lako. Heshima haipungui, mi nilidhani itapungua, kumbe siku hizi akivunja kikombe anakuja kuniambia mwenyewe.

Akikwambia jambo zito, mfano kuna mtu anamshikashika au anampiga, usipige kelele hata kama ndani unawaka. Mwambie nakuamini, umefanya vizuri kuniambia, sio kosa lako. Usimhoji kama polisi. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, ipo Tanzania na Kenya pia, kupiga ni bure, na mzazi nae anaweza kupiga.

Na asiposema kitu leo, we maliza kumsuka, mpake mafuta, mwambie umependeza. Jumamosi ijayo nywele zitafumuliwa tena.