Kabla hujampeleka mtoto kurudishwa masikio nyuma

Mwanangu wa pili alizaliwa masikio yametoka nje, skuli wakamwita Matanga, chuo cha Kurani wakaipokea hiyo hiyo, kufika miaka 8 akawa hataki hata kunyolewa. Tukajikusanya tukampeleka Dar kupasuliwa. Haya nnayoandika nimeyalipia, kwahivyo someni msinibishie.

Umri kwanza. Aghlabu wanafanya kuanzia miaka 5 au 6, hapo sikio limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima. Kichanga ni mambo mengine, wiki zile za mwanzo gegedu, kile kigumu cha ndani ya sikio, bado laini na daktari anaweza kulibana kwa kifaa likakaa bila ya kisu. La mtoto wa miaka 8 utalifunga kitambaa mpaka kiyama halitii. Na kusikia hakubadiliki, atasikia vilevile. Hilo la kubadili umbile kamuulize sheikh wako, mie simo.

Mtoto mwenyewe anataka? Kama unaona haya ni wewe, subiri.

Makovu, hapa msipite mbio. Watazame waliotogwa masikio kwenu, dada zake, shangazi zake. Akiwepo aliyeota kinundu pale alipotogwa, mwambie daktari hata asipouliza, maana mkato unapita nyuma ya sikio na ngozi zetu sisi zinapenda kuvimba kovu.

Muulize daktari na anataka kufanya nini khasa, usimuonee haya. Kuna sikio halina ule mkunjo wa juu, hilo hutiwa nyuzi kwa nyuma likunjike, njia ya daktari Mustardé tangu 1963. Kuna ambalo mkunjo lina ila bakuli lake la kati ndo kubwa, hapo daktari Furnas 1968 alionyesha kulishona bakuli na utando wa mfupa wa nyuma. Wengine wanalikwaruza gegedu kwa mbele, maana gegedu ukilikwaruza upande mmoja linajipinda upande wa pili. Mwanangu alikuwa na kasoro zote mbili, ya mkunjo na ya bakuli, akatiwa nyuzi za aina mbili. Daktari akikujibu "tutarudisha tu nyuma", mwambie akuchoree.

Nusukaputi: chakula mwisho masaa 6 kabla, na uji ni chakula, maziwa pia, mkanye bibi yake.

Sasa bendeji. Alipasuliwa Jumatatu, Jumanne tukatoka, tukaambiwa msiondoke Dar, rudini Ijumaa tufungue tutazame. Tuliambiwa, sisemi hatukuambiwa, iliingia sikio hili ikatokea la pili. Tumefikia kwa watu, chumba kimoja, wenyeji wanalala sebuleni kwa ajili yetu, nikaona tabu, nikasema bendeji si hata kwetu Pemba zinafunguliwa. Jumatano tukapanda boti mpaka Unguja. Usiku ule mtoto analia, "mama hili la kushoto". Nikampa panadol. Bendeji nje safi, hakuna hata tone la damu, nikajua kidonda tu kinavuta. Alkhamisi tunashuka Mkoani ametapika njia nzima, hataki kuguswa, mpaka tunafika Wete kashanyamaza, nikashukuru kumbe kachoka tu.

Ijumaa nikampigia daktari, hakuniuliza homa wala nini, kaniuliza linauma moja au yote sawa? Moja. Akasema funguweni sasa hivi, msingoje kesho. Ilipofunguliwa hapo hospitali sikio lilikuwa kama bilingani, rangi mpaka umbo. Damu ilikuwa imevilia ndani, haikupata pa kutokea, na gegedu halina mishipa yake, linakula kutoka kwenye ngozi iliyolifunika, damu ikiingia kati ndo njaa hiyo. Wakaikamua, tukarudi Dar mara ya pili, nauli nyengine. Leo la kulia limekaa zuri, la kushoto nene na mkunjo wake nusu umepotea. Hawamwiti Matanga tena, lakini mie nikimtazama naliona lile moja tu.

Basi hesabu siku za kukaa mjini kabla hujahesabu pesa za kisu, na maumivu yanayozidi upande mmoja yasingoje asubuhi, khasa siku 3 za mwanzo, ndo damu inapovilia.

Mengine madogo madogo. Shati la vifungo, si kanzu ya kupitisha kichwani. Kitambaa cha kichwani anapolala, wiki kadhaa baada ya bendeji kutoka. Mpira asicheze, baharini asiingie mpaka aruhusiwe, mtoto wa kike ushungi usimkaze. Uzi unaweza kuchomoza nyuma baada ya miezi, usiuvute, mpeleke. Masikio mawili hayatolingana sawasawa, hata yako hayalingani. Nambari ya daktari uwe nayo kwenye simu yako, si ya shemeji. Na karibu na Idi msiende, boti zinajaa.