Kugonga nakshi kwenye ngozi: maji ndiyo yatakayokusumbua

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja na mkanda alioukesha akiugonga, akaniuliza, "Mjomba, mbona maua yamefutika?" Niliushika tu nikajua. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu mikanda kumi na miwili ya kikundi cha ngoma kwa kosa hilo hilo. Tukakaa chini ya mwembe nikamwelekeza, na haya ndiyo niliyomwambia.

Hatua ya 1: Ngozi

Tafuta iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa Njombe. Ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa kemikali hiyo badala ya magome, haishiki nakshi. Unaibonyeza inarudi kama godoro. Kata ukingo utazame: ya kromu mara nyingi ina kijivu au ubuluu katikati. Unene uwe milimita 3 kwa mkanda, 2 kwa pochi.

Hatua ya 2: Vyombo

Seti za mihuri ya kugongea nakshi za bei rahisi sizipendi. Kingo zake ni kali, zinakata ngozi badala ya kuibonyeza. Chukua misumari ya inchi 6, kata ncha (hapo ndipo utakapogonga), kisha chonga nakshi kichwani kwa tupa ndogo ya pembe tatu na ulainishe kingo kwa msasa. Nukta, nusu mwezi na mistari mtambuka vinatosha kuanzia.

Nyundo iwe ya mbao. Yangu ni ya mninga. Ya chuma inadunda na kuuharibu msumari. Chini weka jiwe zito bapa; mafundi wa makaunta ya granaiti hawakosi vibaki. Wengi hapa Tabora hukimbilia kipande cha reli, kwa kuwa ndipo njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana. Reli ni nyembamba juu, na ukiulizwa umeipata wapi hutakuwa na jibu zuri.

Hatua ya 3: Kata, pima, weka alama kwa ncha butu. Si kwa kalamu ya wino.

Hatua ya 4: Maji

Nilidhani ngozi ikilowa zaidi ndivyo inavyokubali zaidi. Nikaizamisha kwenye ndoo, nikaitoa inachuruzika, nikagonga. Nakshi ikaonekana safi kweli, nikalala na furaha. Asubuhi ngozi imekauka, ua limebaki kivuli. Ngozi yenye maji mengi huvimba, kwa hiyo nilikuwa nagonga uvimbe.

Chovya sponji kwenye maji safi, ikamue, pangusa upande wa usoni kutoka ukingo hadi ukingo. Usiloweshe pale tu utakapogonga, maana maji yanapoishia hubaki mstari ambao hata rangi haiufichi. Rudia mara mbili, kisha iache. Ngozi iliyolowa huiva rangi. Subiri rangi yake ya awali ianze kurudi, lakini ukiigusisha shavuni uisikie baridi. Shavuni, si kiganjani. Kiganja cha fundi kina sugu, hakisikii kitu. Rangi inarudi na ubaridi upo, gonga. Ubaridi umekwisha, umechelewa, lowesha tena.

Dakika ngapi? Inategemea mwezi. Septemba na Oktoba, kwa jua la hapa, mkanda hukauka kabla hujamaliza chai. Miezi hiyo nagonga alfajiri, na sehemu ambayo sijaifikia naifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Wakati wa mvua naweza kusubiri saa nzima na zaidi. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kulowesha jioni na kuilaza ngozi ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Asubuhi unyevu umefika hadi katikati, wala hauko juu juu tu. Zamani nilitumia mifuko ya rambo, ila tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 ndoo imetosha. Isilale humo siku tatu, itaota ukungu.

Na iwe plastiki kweli, isiwe ndoo ya bati yenye kutu. Chuma, maji na magome vikikutana huzaa weusi wa wino. Siku moja nilipiga tupa msumari kwenye meza ile ile yenye ngozi iliyolowa, unga wa chuma ukaacha madoa kama nzi waliotua. Maji ya ndimu huyafifisha yakiwa mapya. Yakishakaa, paka rangi nyeusi useme ndivyo ulivyotaka.

Hatua ya 5: Kugonga

Jaribu kwanza kwenye kibaki cha ngozi ile ile. Simamisha msumari wima, pigo moja la uhakika. Ukirudia huku umehama kidogo, ua linakuwa na pacha. Ngozi ya pochi ibandike selotepu pana kwa nyuma isije ikatanuka. Kwa mkanda anzia katikati kwenda pande zote, nakshi isije ikakatikia kwenye bizimu.

Hatua ya 6: Iache ikauke kivulini siku nzima, ndipo upake rangi, mwisho nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani. Mafuta au nta usivitangulize, vitazuia maji kuingia.

Mkanda wa mpwa wangu tuliulowesha upya, tukasubiri, akarudia kila ua mahali pake. Yamerudi yote, isipokuwa la tatu kutoka kwenye bizimu, ambalo hadi leo lina petali nane badala ya nne.