Somo: Kurudisha ncha ya kisu cha kukunja bila kuua chuma chake

Visu vingi vya kukunja vinavyofika kibarazani kwangu hapa Buguruni, Dar es Salaam, vina ugonjwa mmoja: ncha imekatika. Mwenyewe alikuwa anabandua kifuniko cha kopo la rangi, au alikosa bisibisi akakitumia kisu. Anakuja akiomba ncha mpya, na kazi ni ndogo kweli, lakini nimeona visu vizuri vikiharibiwa kwenye kazi hii kuliko nyingine yoyote.

Kosa lenyewe liko hivi. Mtu anashika kisu, anageuzia makali kwenye jiwe na kusaga kutoka upande wa makali kwenda juu, mpaka ncha itokee kwenye mgongo. Kikiwa kimefunguliwa kinapendeza. Akikikunja, ncha inachungulia nje ya mpini kama msumari. Siku ya kwanza mfukoni kinatoboa suruali, siku ya pili kinatoboa paja.

Kisu cha jikoni hakina shida hiyo kwa sababu hakilali popote. Kisu cha kukunja kina nyumba. Kikifungwa, makali yanaingia ndani ya mpini na mgongo unabaki nje. Kwa hiyo ncha lazima ikae chini, karibu na mstari wa makali. Chuma kinaondolewa MGONGONI kushuka chini, makali hayaguswi. Ukilishika hili moja, nusu ya somo umeimaliza.

Vifaa

Grainda ya mezani yenye jiwe laini, au tupa bapa, au vyote viwili. Vaisi. Msasa wa maji namba 120, 240, 400, 600 na 1000. Maka peni, tepu nyeusi ya umeme, ndoo ya maji, mafuta ya cherehani, kinoo cha kumalizia. Vyote utavipata ukizunguka Kariakoo na Gerezani asubuhi moja. Miwani ya kazi usiiache dukani, na barakoa pia, maana vumbi la jiwe ukilivuta halitoki kirahisi. Glavu usivae kwenye jiwe linalozunguka. Likiinasa glavu, linavuta na mkono. Vidole vitupu vina kazi nyingine nitakayoieleza chini.

Hatua ya 1: Osha na uzuie kisijikunje

Fungua, safisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha. Zungushia tepu kwenye kiungo, pale ubapa unapoingia mpinini, ili vumbi la jiwe lisiingie. Vumbi hilo likiingia, kisu kitasaga kiungo chake chenyewe kila unapokifungua. Bandika tepu nyingine juu ya makali yote. Kama ni kisu cha springi, yaani kinachoshikiliwa wazi na springi ya mpinini tu bila kufuli, funga kijiti cha mbao kando ya ubapa na mpini, viwe kitu kimoja kilichonyooka. Kisu kikikukunjikia vidoleni wakati unasukuma, utashonwa.

Ribiti usizing'oe. Huna haja.

Hatua ya 2: Chora kabla ya kusaga

Hatua hii huchukua dakika tano na ndiyo inayookoa kisu. Kabla ya kubandika tepu na kufunga kile kijiti cha hatua ya 1, paka wino wa maka peni sehemu yote ya mbele ya ubapa, pande zote mbili. Subiri ukauke. Kunja kisu taratibu, kisha kwa msumari mwembamba kwaruza mstari mahali midomo ya mpini inapoishia juu ya ubapa. Fungua tena. Sasa unaona nyumba: chuma kilicho juu ya mstari hubaki nje kisu kikifungwa, kilicho chini hujificha. Ncha yako mpya iwe chini ya mstari huo kwa milimita 2 au zaidi. Kutoka mgongoni chora mkunjo unaoshuka polepole mpaka hapo.

Hapa ndipo pa kumwuliza mwenye kisu anakitumia kwa nini. Anayemenya maembe na kukata nyanya atataka ncha iliyochongoka kiasi. Mtu wa baharini ni mwingine. Nahodha mmoja wa ngalawa anayeshusha samaki Feri aliniletea kisu kilichokatika sentimita nzima, nikamshauri tusitafute ncha kabisa. Tuliushusha mgongo kwa duara mpaka ukutane na makali yaliyonyooka, umbo kama kwato la kondoo. Kwenye chombo kinachoyumba, kisu cha ncha kinachoma mkono au tanga wakati unakata kamba tu. Mabaharia wa zamani walitumia umbo hili kwa sababu hiyohiyo. Mimi nalipenda kuliko yote, na ndilo rahisi kwa anayeanza.

Hatua ya 3: Kusaga, na habari ya moto

Umeme wetu ni wa hezi 50, na grainda nyingi za mezani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Jiwe la inchi 6 kwa mwendo huo linapita kwenye chuma kwa zaidi ya meta 20 kila sekunde. Joto linazaliwa papo hapo, na ncha, kwa kuwa ni nyembamba, haina pa kulipeleka.

Chuma cha kaboni kikipata joto hubadilika rangi kwa mpangilio. Karibu nyuzi 220 huwa kama majani makavu, karibu 250 kahawia, karibu 280 zambarau, karibu 300 bluu. Ugumu wa kisu ulishapangwa na aliyekitengeneza, mara nyingi kwa joto lisilozidi sana rangi ile ya kwanza. Ukivuka hapo chuma kinalainika, na makali yatalala kila ukikata kitu kigumu. Rangi unaweza kuifuta kwa msasa ikapotea kabisa. Ulaini haufutiki. Kwenye stenlesi rangi huchelewa kutokea, usizitegemee.

Marehemu mjomba wangu aliniachia kisu chake cha kaboni, alichokaa nacho shambani Mkuranga miaka mingi. Nilikuwa kijana, nina haraka, nikakibana kwenye jiwe kwa kama sekunde kumi mfululizo. Bluu ilipita kwenye ncha kama wingu, nikaitazama ikipanda kuelekea katikati. Kisu hicho ninacho bado. Kinakata mkate, zaidi ya hapo hakiwezi. Kila nikifundisha hatua hii nakitoa nakiweka mezani.

Kwa hiyo: gusa jiwe sekunde moja au mbili, chovya majini, gusa tena. Shika ubapa kwa vidole vitupu karibu na unaposaga. Vikianza kuungua, ulishachelewa kuchovya. Usiukaushe ukitoka ndooni. Maji huchemka kwa nyuzi 100, hivyo maadamu unaona utando wa maji bado umelala kwenye ncha, chuma kiko salama. Utando ukitoweka, rudi ndooni. Milimita ya mwisho kabla ya mstari uliochora, zima mashine ufanye kwa tupa au msasa.

Una wasiwasi kama umeunguza? Kabla ya kuanza, pitisha tupa kidogo mgongoni usikie inavyouma. Ukimaliza, pitisha tena karibu na ncha. Ikiuma kirahisi kuliko mwanzo, pamelainika.

Hatua ya 4: Kunja, tazama, gusa

Safisha, ondoa kijiti na tepu ya kiungoni, kunja. Pitisha kidole gumba juu ya mdomo wa mpini kutoka kiungoni hadi mwisho. Kisikwaruzwe na kitu.

Kama ncha inachungulia kidogo sana, unene wa kucha, kwenye kisu cha springi pana dawa nyingine. Tazama chini ya ubapa karibu na kiungo, pale makali yanapoanzia: kuna kinundu, mimi nakiita kisigino. Kisu kikifungwa, kisigino ndicho kinachokaa juu ya springi na kuuzuia ubapa usizame zaidi. Ukikipunguza kwa tupa laini, ubapa wote unashuka ndani. Lakini piga tupa mara mbili, kunja, tazama, kisha tena mara mbili. Ukizidisha, makali yatagonga springi kila unapofunga na yatakuwa butu kila siku bila wewe kujua sababu. Visu vya kufuli usiviguse eneo hilo kabisa. Kufuli inategemea umbo la chuma pale.

Hatua ya 5: Makali

Ondoa tepu. Lainisha mkunjo mpya kwa msasa kuanzia 120 hadi 1000, kila namba ukivuka mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Kwenye kinoo weka pembe ya nyuzi 20 kila upande. Bila kipimo: ubapa wa upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 7 juu ya jiwe. Noa upande mmoja mpaka uhisi kaukingo kembamba ka chuma kamejipindia upande wa pili, kwa urefu wote, kisha geuza. Mwisho pitisha kwenye mkanda wa ngozi. Tone la mafuta ya cherehani kiungoni, fungua na funga mara ishirini, futa.

Maswali ya wanachama

Swali, Tandika: Shikamoo fundi. Nimeshaunguza, ncha ina bluu ya kama milimita tatu. Nikiipasha moto tena nikaichovya kwenye mafuta itarudi?

Marahaba. Kwa jiko la mkaa usijaribu. Chuma cha kaboni kinahitaji karibu nyuzi 800 ubapa mzima, kisha kipashwe tena kwa joto dogo kisije kikavunjika kama kioo. Hapo mpini lazima utoke kwanza. Stenlesi inataka zaidi ya nyuzi 1,000. Saga milimita hizo tatu uzitupe, kwa maji mengi, uanze ncha upya nyuma ya bluu. Kisu kifupi kigumu ni bora kuliko kirefu laini.

Swali, Kigamboni: Kisu changu kimeandikwa stenlesi, mbona kinaota madoa ya kutu?

Stenlesi inakawia kupata kutu, haijakataa. Chumvi ya baharini ndiyo adui yake mkubwa. Ukirudi kutoka pwani suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha hadi ndani ya mpini, paka mafuta. Halafu msasa ulioacha mikwaruzo mikubwa hushika chumvi, kwa hiyo usiishie namba 240.

Swali, Tabata: Nina Opinel namba 8, kile kisu cha Kifaransa cha mpini wa mbao. Masika yakianza haifunguki kabisa. Nipanue kwa kisu kingine?

Hapana, dada. Mbao imekunywa unyevu ikavimba, ikaubana ubapa. Gonga kisogo cha mpini mezani, ubapa utachomoza kidogo uushike. Kisha uache ukauke kivulini siku kadhaa, si juani, mbao itapasuka. Ukishakauka pitisha msasa uliokunjwa ndani ya mfereji mara chache na uinyweshe mbao mafuta ya kitani. Ile pete ya chuma ya kufungia, ambayo Opinel wametia tangu 1955, isiwe na mchanga ndani.

Swali, Mbagala: Nataka kutoboa tundu kwenye ubapa nifungue kwa dole gumba. Keekee yangu inateleza tu.

Inateleza kwa sababu ubapa ni mgumu karibu sawa na msumari wa keekee. Ukilazimisha, utaunguza ubapa pale pale katikati, na tundu karibu na kiungo ndipo kisu kinapovunjikia. Mimi kazi hiyo siichukui.

Swali, Kimara: Sina grainda. Niache?

Usiache. Bandika msasa namba 120 juu ya kipande cha kioo, mwagia maji, sugua mgongo ukifuata mstari uliochora. Kwa mkono si rahisi kuunguza chuma. Mwezi uliopita umeme ulikatika adhuhuri nikiwa na kisu cha mtu, nikarudisha ncha ya milimita nne namna hiyo. Nilimaliza kabla ya isha, na mwenyewe alikuja kukichukua kikiwa bado na maji.