Kabla hujalipia tangazo la mtandaoni, hakikisha kuna macho ya mtu yanaliona

Juzi nlikuwa nimekaa barazani kwa shangazi, mtaa wa Raskazone Tanga, ana vyumba vyake vinne vya wageni pale, akanipa simu akasema hebu niangalizie hii ripoti ya tangazo mie sielewi. Kuna kijana alimfanyia hiyo kazi, kalipwa laki tatu, ripoti inasema tangazo limeonekana mara laki tatu na arobaini elfu. Yaani karibu jiji zima la Tanga limeona vyumba vya shangazi! Na kwenye umati wote huo aliyepiga simu ni mmoja tu, na alikuwa anauliza kama jirani kuna gesti ya bei chee zaidi.

Nikashuka chini kwenye orodha ya sehemu tangazo lilipotokea, maana huko ndo kuna siri zote. App ya tochi. Gemu la kupanga matofali. Kalkuleta. Tochi nyingine. Kliki nyingi za saa tisa usiku, mtu anaingia kwenye ukurasa sekunde sifuri anatoka, ile waja leo waondoka leo ya kwetu ila hawa hata leo yenyewe hawaimalizi. Shangazi akaniuliza, "sasa mwanangu, mtu kawasha tochi saa tisa usiku anatafuta njia ya chooni, ndo huyo anatafuta chumba Tanga?"

Kwanza ujue tangazo linafichwaje, usipojua hapo hayo mengine yote utafanya kwa kukariri. Tangazo la kawaida la mstatili lina pikseli (vile vidoti vinavyounda picha kwenye skrini) 300 kwa 250, ambazo ni pikseli 75,000. Tapeli anachofanya analichukua zima zima analibana kwenye kidoti cha pikseli 1 kwa 1. Skrini ya simu nyingi za sa hivi ina pikseli 1080 kwa 2400, yaani zaidi ya milioni mbili na nusu, kwaio tangazo lako ni punje moja ya mchanga pale ufukweni, lakini mfumo unahesabu limefunguka na wewe unalipa. Njia ya pili ni kurundika, matangazo yanawekwa moja juu ya jingine kama chapati kwenye sahani, msomaji anaona la juu tu, na wote mliopo chini mnalipishwa. Mwaka 2023 kampuni ya usalama HUMAN ilitangaza kuukamata mtandao wa matapeli walouita VASTFLUX, matapeli hao walikuwa wanarundika hadi video 25 kwenye nafasi ya tangazo moja, na walijifanya ni app zaidi ya 1,700 kwenye huo mchezo. Njia ya tatu ni app inayocheza matangazo kimya kimya simu ikiwa mfukoni. Mwaka 2019 kampuni ya Oracle walieleza kitu walichokiita DrainerBot, video zinacheza zisionekane na zinaweza kula zaidi ya GB 10 za data kwa mwezi. Kwaio ukiona simu inachemka kama pasi na bando linayeyuka wala hujafungua kitu, kachunguze app zako kwanza kabla hujautukana mtandao wa simu.

Haya, maandalizi. La kwanza kabisa, na hili watu wanaliruka kwa sababu halina mbwembwe, amua mapema utahesabu nini ambacho boti (programu inayojifanya mtu) hawezi kukighushi kirahisi. Kuonekana kunaghushiwa, kliki inaghushiwa, hata dakika za kukaa kwenye ukurasa zinaghushiwa. Boti asichoweza ni kushuka kwenye basi la kutoka Dar na begi lake akagonga geti la shangazi. Tulichofanya sie ni kutengeneza linki ya WhatsApp yenye maneno yaliyoandikwa tayari, tangazo la Facebook likibonyezwa meseji inakuja "naulizia chumba cha baharini", la Google linakuja "naulizia chumba Raskazone", mteja anatuma tu wala hajui kama ni mtego, na shangazi ana daftari la kaunta buku anaandika tarehe, maneno, kalala au hajalala. Daftari hilo lina ukweli kuliko dashibodi yoyote nlowahi kufungua.

Alafu zile tiki. Ukifungua kampeni ya kutafuta kule Google (tangazo linatokea mtu akitafuta kitu), mara nyingi unakuta kiboksi cha kutawanya tangazo kwenye websaiti na app za watu wengine kishawekewa tiki, we unabonyeza endelea, endelea, endelea, kumbe ushapeleka hela kwenye tochi. Toa tiki. Kwa Meta, wenye Facebook na Instagram, kuna kitu kinaitwa Audience Network, ndo matangazo yako kwenda kwenye app za nje ya Facebook na Instagram, chagua sehemu mwenyewe na hiyo uizime mpaka uwe na sababu ya kuiwasha. Sisemi kila app ya nje ni tapeli, kuna zenye watu wa kweli kabisa, ila mwenye laki tatu hana ubavu wa kuzichambua moja moja. Zile kampeni zinazojiendesha zenyewe mie siwashauri wanaoanza, maana hela inaenda na ripoti ya ilikoenda ni ya juu juu.

Kwenye eneo nako angalia. Kuna chaguo la watu waliopo mahali fulani na kuna la watu wanaopendezwa na mahali hapo, na hilo la pili linaweza kuleta kliki kutoka nchi ambazo shangazi hata mgeni mmoja hajawahi kupokea. Wateja wake ni wa Dar, Moshi na Arusha, basi tukaweka waliopo huko, tukamaliza.

Hela ya kuanzia iwe ndogo. Elfu kumi kwa siku, siku saba, sabini elfu basi, na kila asubuhi ukinywa kahawa unafungua ile orodha ya sehemu, yenye kliki nyingi na hamna aliyeuliza unaipiga ban hapo hapo. Angalia na masaa. Google pia wana safu ya kliki batili, hizo wakizikamata wanakurudishia wenyewe, iwashe kwenye ripoti maana haiji yenyewe, ila usiitegemee kukamata kila kitu.

Kama unalipia kwa kuonekana, dai ihesabiwe ile iliyoonekana kweli. Kipimo kinachotumika sana ni cha MRC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya kupima matangazo, nusu ya pikseli za tangazo ziwe kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo, video sekunde 2. Sekunde 1 ni kidogo mno kwa maoni yangu, mtu anayeskrol anapita nayo bila kujua, lakini hata kwa kipimo hicho kidoti cha pikseli 1 kinatakiwa kianguke. La kurundika ni gumu zaidi, mjanja anaweza kuulaghai mfumo uone la chini nalo lipo wazi.

Ukinunua nafasi kwenye websaiti kubwa kupitia dalali, andika jina la hiyo websaiti kwenye brauza ukimalizia na /ads.txt. Ni faili tu la maandishi, lilianza 2017, mwenye websaiti anaorodhesha mifumo na akaunti zilizoruhusiwa kuuza nafasi zake. Dalali akishindwa kukuonyesha anauza kupitia akaunti ipi humo, kimbia. Ila jua linazuia mtu kujifanya websaiti nyingine, halimzuii mwenye websaiti mwenyewe kubana tangazo lako kwenye doti.

Na ukimpa mtu kazi, mwandikiane kabla ya hela kutoka, hata kwenye WhatsApp. Akaunti ya matangazo iwe ya kwako yeye umuongeze tu, ripoti ioneshe kila sehemu tangazo lilipotokea, kliki za kitapeli zikionekana nani anarudisha. Yule kijana tulimuomba orodha kamili ya sehemu pamoja na masaa, akajibu mfumo wake hautoi ripoti ya hivyo, na akaomba laki mbili za mwezi unaofuata. Shangazi akamwambia na mkoba wake nao hautoi.