Gari linalowaka likitaka: likamate kabla hujanunua spea

Kama gari lako linakugomea leo halafu kesho linawaka kwa kugusa ufunguo tu, usinunue betri bado. Niko Mwanga hapa Kigoma, nashughulika na umeme wa magari tangu 2003, na kinachoniuma kuliko vyote katika kazi hii ni kuona mtu anamaliza mtaji wake kwa kubahatisha. Gari lililokufa kabisa halisumbui, ugonjwa wake unaonekana. Hili la kugoma na kuacha ndilo linalokula hela, maana likifika gereji linawaka vizuri, mwenye gari ana hofu, na fundi anaona aibu kusema "sijui bado".

Mama mmoja wa Kibirizi, anayepeleka dagaa Kasulu, alinijia na Corolla ya stesheni wagoni ya 1997, injini 5A, gia za kawaida. Alikuwa ameshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja.

"Baba, hili gari lina mashetani," akaniambia. "Nyumbani linawaka. Nikisimama Mwandiga na mzigo, linanikatalia."

"Likikataa unasikia nini, mama?"

"Si linakataa tu!"

Nililiwasha mara kumi na mbili palepale na mara zote likawaka. Sikufungua nati hata moja. Nilimpa daftari la shule na kalamu, nikamwomba kila likigoma aandike mambo matano: saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, alisikia nini alipogeuza ufunguo, taa za dashibodi zilifanyaje, na alifanya nini mpaka likawaka.

Alirudi baada ya wiki tano na mistari saba. Yote saba injini ilikuwa ya moto. Yote saba aliandika "tak" moja, kisha kimya. Halafu kulikuwa na jambo ambalo mwenyewe hakulitilia maanani. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo gari lilikaa siku tano bila kuguswa, na siku ya sita liliwaka mara moja. Betri iliyochoka, au umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, ungejionyesha asubuhi ile. Betri haikuwa na kosa. Ndiyo maana nasema daftari lile lilikuwa kipimo cha kwanza, na halikumgharimu kitu.

Sasa twende kwenye gari lako. Swali la kwanza ni moja: ukigeuza ufunguo, stata (mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake) inazungusha injini au haizungushi? Watu husema "haliwaki" kwa yote mawili, na ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Injini isipozunguka, tafuta kwenye betri, nyaya nene, stata na njia ya ufunguo. Ikizunguka bila kushika, achana na hivyo vyote, tafuta cheche na petroli.

Tuanze na isiyozunguka. Washa taa kubwa za mbele, mwenzako asimame mbele ya gari azitazame, wewe geuza ufunguo. Taa zikizimika karibu kabisa, au ukasikia "tatatata" ya haraka, betri iko chini au vibano vyake havigusi vizuri. Taa zikibaki na nguvu na ukasikia "tak" moja nzito, kosa liko ndani ya stata mara nyingi. Taa zisipobadilika na usisikie kitu, umeme mdogo wa ufunguo haufiki kwenye stata. Gari la otomatiki likiwa kimya hivyo, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka, swichi ya gia imechoka. Angalia pia kama bonge la funguo zinazoning'inia halijalegeza swichi ya ufunguo.

Kabla ya mita ya volti, vibano vya betri. Vizungushe kwa mkono. Kikizunguka hata kidogo, umeshapata mshukiwa. Ule unga mweupe au wa kijani unatoka kwa maji ya moto yenye magadi. Kausha, piga msasa ndani ya kibano na kwenye nguzo ya betri mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Siku zote anza kufungua upande wa hasi na umalizie kufunga hasi, na usisogeze sigara wala moto, betri hutoa gesi inayolipuka.

Kisha mita. Ya bei ndogo inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 imeshakwisha. Stata ikizungusha isishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, vinginevyo kagua altaneta, ile inayochaji betri.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka, na mimi nakitetea kwa nguvu zangu zote. Gari litie fri, vuta breki ya mkono, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili injini isiwake. Ncha nyekundu ya mita igandamize kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, usiiweke kwenye kibano. Mwenzako apige stata. Mita isome volti 0.2 au 0.3. Ikivuka 0.5, waya wa ethi, yaani wa hasi, unakula umeme njiani. Mara nyingi ni ule unaoshuka kutoka betri kwenda kwenye injini na bodi. Umeoza ndani ya plastiki, nje unaonekana mpya. Halafu rudia upande wa chanya: nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata, pale waya nene wa betri unapofungwa. Kiwango ni kilekile. Kinachofanya kipimo hiki kiwe na maana ni kwamba nyaya zinapimwa zikiwa kazini. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu huwasha testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, bila shida, lakini hauwezi kuzungusha stata.

Kwa yule mama nyaya zilikuwa nzima pande zote mbili. Ikabidi nipande naye gari mpaka Mwandiga likiwa na magunia, azime, anunue maji, awashe. Mara ya tatu likagoma. Nikaweka testa kwenye ule waya mwembamba wa stata unaotoka kwenye ufunguo, akageuza ufunguo: taa ikawaka vizuri, stata ikasema "tak". Boliti kubwa ilikuwa na umeme. Nikaigonga stata kwa mpini wa spana, akageuza tena, injini ikawaka. Umeme wote ulikuwa unafika kwenye stata na stata haiupitishi. Kugonga kule kunakufikisha nyumbani tu, usikufanye ndiyo tiba.

Tulirudi nikafungua hasi ya betri, nikaishusha stata. Kwenye stata hizi za Toyota kuna kifuniko cha mviringo chenye boliti tatu ndogo, spana namba 8. Ukikitoa, inachomoka pini yenye kisahani cha shaba kichwani, na chini yake utaona vipande viwili vya shaba. Ufunguo ukigeuzwa, kisahani kinavutwa na kugusa vipande vyote viwili kwa pamoja. Cha upande wa betri kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa ngazi, ukingo mmoja mwembamba kama ukucha, na kisahani kilikuwa na kovu jeusi upande mmoja. Injini ya baridi, koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme) inakivuta kwa nguvu na kinagusa. Ikipata joto, koili hupitisha umeme mchache, mvuto unapungua, kisahani kinafika karibu kisibane. Ndiyo "tak" ya Mwandiga. Nilibadilisha vipande viwili vya shaba na pini yake. Stata yenyewe ilikuwa nzima, na kama angeuziwa nyingine iliyotumika, huenda ingekuja na shaba zilizolika vilevile.

Kwa injini inayozunguka bila kushika nitasema kwa ufupi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cha kupimia kwenye boneti, na ndani ya kifuniko chake kuna herufi. Ufunguo ukiwa umegeuzwa bila kupiga stata, unga FP na +B kwa kipande cha waya: pampu ya petroli itanguruma na mpira wa mafuta utakaza ukiuminya. Ikinguruma hapo lakini isingurume ukipiga stata kwa ufunguo, tafuta kwenye rilei ya pampu, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Unga TE1 na E1, uhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa: mpepeso sawasawa usiokoma ni salama; namba 12 (mpepeso mmoja, kisha miwili) inaelekeza kwenye ishara ya mzunguko wa injini, 14 (mmoja, kisha minne) kwenye upande wa cheche. Soma herufi mara mbili kabla ya kuunga, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta ya gari.

Yule mama hakuliacha daftari. Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, alikuja na mstari mpya: "Saa kumi na moja alfajiri. Baridi. Mvua usiku kucha. Inapiga vizuri, haishiki. Saa tatu jua lilipotoka ikawaka." Safari hii sikuigusa stata. Nilimwambia aniachie gari lilale, jioni giza lilipoingia nikainyunyizia maji kidogo distributa, inayogawa cheche kwa kila plagi, na nyaya za plagi, nikazima taa zote za gereji, nikamwambia kijana wangu apige stata. Cheche ya buluu ilitambaa juu ya kifuniko cha distributa, kutoka tundu la plagi ya pili mpaka kwenye boliti, ikifuata ufa ambao mchana usingeuona. Asubuhi tulifunga kifuniko kipya na nyaya nne, akaondoka na mzigo wake kabla jua halijawa kali.