Jinsi ya kutengeneza muvi ya kutisha ya mpweke na wanyama wake bila kuwachekesha watu wa Mtwara

Kuna muvi inaitwa Willard, ile ya 2003 ya Crispin Glover (ya kwanza ilitoka 1971), jamaa mpweke anaishi na mama yake mgonjwa kwenye jumba bovu, ofisini bosi anamdhalilisha kila siku, basi anafanya urafiki na panya mpaka anawatuma wakamlipizie. Ukisimuliwa ni tamu sana. Ila iweke kwenye kibanda umiza chochote (vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani) hapa Mtwara uone watu watakavyocheka, maana yule panya mkubwa anayeitwa Ben wamemuigizisha panya buku bwana, ndugu wa wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na ukipanda Newala huko utapata mzee atakayeuliza mbona hajachomwa bado. Halafu walitaka mpaka watoto wa miaka 13 waingie kuangalia, kwa hiyo pale pa kutisha kamera inageukia pembeni.

Sasa wewe mwenye simu yako na washkaji watatu unataka kutengeneza ya kwako, anza na mtu, wanyama waache kwanza. Mpweke wa Marekani na mpweke wa Chuno, mtaa wa hapa Mtwara, ni vitu viwili tofauti, kule mtu kujifungia ndani peke yake ni kawaida, huku wiki haiishi hajaja mtu kupiga hodi anaomba chumvi, kwa hiyo lazima utuambie kwa nini kwa huyu hodi haipigwi. Na huku adhabu kubwa ya mtaa tunaijua wote, ni kususiwa msiba. Yeye haendi kwenye misiba ya watu, basi siku mama yake anafariki jamvi limetandikwa uani, chai imechemka, hakuna anayekuja. Hiyo seni ishike vizuri, usiweke muziki, mwache akae hata dakika mbili nzima anaangalia geti. Ukiipata hiyo muvi unayo, hata wanyama wakiwa wa kawaida. Ila tafadhali usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu, ishachoka, na nchi hii vikongwe wameuawa kweli kwa sababu ya hayo macho, wakidaiwa ni wachawi.

Wanyama sasa. Chukua paka. Panya haitishi, mbwa wanabweka hovyo wanaharibu sauti, nyoka utaumwa. Paka wa feri ni wengi na hawana mwenyewe, na watu wa pwani paka usiku tayari wanamtilia shaka, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Ficha dagaa chini ya jamvi, kaa mbali na kamera, watakuja mmoja mmoja watakaa palepale walipotakiwa kukaa waombolezaji. Usiwarushe, usiwafunge kamba. Wakati Willard wamechanganya panya wa kweli na wa kompyuta na inaonekana, wewe mwenye paka sita wa kweli waliokaa kimya unawazidi.

Kuna mtu atakwambia weka simba, mambo ya simba mtu, yule simba anayedaiwa ni wa kichawi. Mimi nakataa. Utafiti uliotoka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, wengi huku kusini, wengi msimu wa mavuno watu wakiwa wamelala shambani kufukuza nguruwe pori. Kuna familia Lindi vijijini hilo kwao ni kaburi kabisa, usiende kuwachezea. Ukitaka hofu ya shamba mpe mtu dungu (kile kichanja cha kulindia shamba), tochi inayofifia na sauti ya nguruwe kwenye mahindi, usimuonyeshe mnyama kabisa.

Picha za nje piga chini ya mikorosho, matawi yanashuka mpaka karibu na ardhi, saa kumi na moja jioni mle ndani kumeshakuwa kiza na nje bado kweupe. Kati ya Juni na Agosti wakulima wanapuliza salfa alfajiri kuua ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, lile vumbi linatanda shambani kama ukungu wa bure, muvi za nje wanalipia mashine kupata kitu hicho. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na simama upepo unakotoka maana ile kitu inawasha macho na kifua vibaya mno. Ufukweni Shangani, hapa hapa Mtwara, pazuri lakini upepo wa bahari utakula maneno yote, dialogi za pale rekodi upya chumbani umejifunika blanketi.

Kabla hujaanza kushuti muone afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze kibali, na ikiisha inapita Bodi ya Filamu wanaikagua na kuipa daraja. Nenda na skripti iliyochapwa, na ile seni ya msiba wa paka ieleze vizuri isije ikasomeka kama unadhihaki dini ya mtu.