Kabla Hujamwekea Kindi Chakula Uani: Mambo ya Kuzingatia

Shambani kwetu kuchakuro, ndugu wa kindi, ni mnyama wa kufukuzwa, maana akiachwa hufukua mbegu za mahindi hata hazijaota. Huku Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, hali ni nyingine. Kindi hupita juu ya uzio kila asubuhi, huketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kukutazama kana kwamba mna ahadi. Wengi tuliohamia huku tunampenda upesi, na upendo wa watu wetu huanza na chakula. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua gunia la mahindi makavu, nikawa namwaga bakuli zima kila siku. Niliamini natenda wema. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijafungua lile gunia.

Kwanza jua kwamba hakutegemei. Kindi wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 600 hivi, na halali usingizi wa msimu mzima wakati wa baridi kama wafanyavyo wanyama wengine wa huku. Anaishi kwa akiba aliyofukia mwenyewe, kokwa mojamoja, huku na kule. Hula pia machipukizi, maua, uyoga na wadudu. Basi unachomwekea kiwe kionjo tu. Kokwa mbili tatu kwa kila kindi zinatosha.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni mifupa. Kindi akiwekewa vyakula vingi huchagua anachokipenda, na anachokipenda mara nyingi sicho kinachojenga mwili wake. Mifupa huhitaji kalsiamu nyingi kuliko fosforasi. Wanaouguza kindi yatima hulenga kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Sasa angalia mahindi makavu: gramu 100 zina kalsiamu miligramu 7 hivi, na fosforasi miligramu 210. Mbegu za alizeti zina takriban 78 kwa 660. Karanga ni 92 kwa 376. Fosforasi ikizidi namna hiyo siku baada ya siku, mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yenyewe. Mifupa hulainika, miguu ya nyuma hulegea, na mnyama ambaye uhai wake ni kuruka kutoka tawi hadi tawi hushindwa hata kupanda. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa kindi wanaofugwa au waliozoeshwa chakula cha aina moja, na ndiyo sababu gunia la mahindi kila siku ni kosa. Guguta moja mara mojamoja halidhuru.

Karanga zina jambo la ziada. Hazitoki mtini, ni jamii ya kunde, na zikiwa mbichi zina kitu kinachozuia mwili kumeng'enya protini vizuri. Zikihifadhiwa penye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Sisi hatuhitaji kuelezwa sumukuvu ni nini: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Ukiamua kutoa karanga, ziwe zimebanikwa bila chumvi, ziwe chache, na zilizobadilika rangi au kunuka uzitupe.

Kwa hiyo ukienda dukani, tafuta kokwa zenye maganda magumu: jozi, hezelinati, pekani, zote bila chumvi wala sukari. Ganda lenyewe lina kazi, kwa sababu meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, na yasiposagika kwa kuguguna humletea shida ya kula. Rafiki yangu mmoja humwekea pia kipande cha pembe ya kulungu wa huku, zile ambazo madume huangusha kila mwaka. Kindi huzitafuna kwa ajili ya kalsiamu hata porini.

Lakini kabla ya duka, tazama chini ya miti. Septemba na Oktoba mialoni hudondosha matunda yake kila mtaa, na hicho ndicho chakula ambacho kindi amekizoea toka kale. Okota kwenye bustani yako au mahali panaporuhusiwa, anika penye hewa, kisha weka akiba ya miezi ya njaa. Jihadhari na kokwa za mti wa buckeye, mti wa jimbo la Ohio. Zina rangi ya kahawia inayong'aa na zinavutia, lakini ni sumu kwa binadamu na mifugo. Wenye watoto wadogo wasizilete nyumbani.

Upande wa mboga, sukuma wiki ni hazina: kalsiamu yake ni karibu mara tisa ya fosforasi. Huku huuzwa kwa jina la collard. Katakata jani moja, weka na kipande cha boga bichi au tufaha lililotolewa mbegu. Mchicha aina ya spinachi usiuzoeshe, kwa kuwa una oksalati inayoifunga kalsiamu isitumike mwilini.

Mkate, biskuti, bisi za dukani, chokoleti, mabaki ya wali: hapana.

Kisha andaa mahali. Ubao wa juu, mbali na vichaka anapojificha paka, na karibu na mti wa kukimbilia. Weka chakula asubuhi, ondoa masalio kabla ya giza, la sivyo utawalisha panya. Osha ubao kila wiki, na maji yasikosekane, hasa wakati wa barafu. Usimlishe mkononi. Kichaa cha mbwa ni nadra mno kwa kindi, ila meno yanayopasua jozi hayashindwi na kidole. Kama umepanga nyumba, soma mkataba wako na kanuni za mji. Waulize pia majirani kama wana mtoto mwenye mzio wa karanga, kwa sababu kindi atachukua uliyompa na kuifukia kwenye mchanga anaochezea mtoto huyo.

Mwisho, fikiria safari zako. Wengi wetu huenda nyumbani Desemba kwa wiki tano au sita. Anza kupunguza mwanzoni mwa Novemba, siku moja uweke, mbili usiweke, wakati mialoni bado ina akiba chini na yeye bado ana muda wa kufukia ya kwake.